Kasha la Sita

"Rudia! Hebu rudia hilo neno mbele ya polisi!"

"Nalirudia mara kumi. Umeiba!"

"Gordy Thielke, nisikilize vizuri. Mimi nikitaka kuzima mataa yako naja mchana kweupe, nang'oa waya, nakupungia mkono, halafu narudi kwangu kumalizia kahawa. Sina shida ya kunyatia gereji ya mtu."

"Na jana ulisema nini? Si ulisema, 'Mzee, iko siku hayo mataa utayatafuta usiyaone'? Mtaa mzima ulisikia!"

"Nilisema kwa hasira! Magari mia tatu yanapita hapa kila jioni, Gordy, na moja limeng'oa sanduku langu la barua. Ulitaka niimbe?"

Mpelelezi Lorraine Pawlak alisimama katikati yao, theluji ikimfika vifundoni. Kalamu yake ilikuwa imegoma kwa baridi, akatoa penseli. Katika mji wa Bessler, Wisconsin, mpelelezi ni mmoja tu, na tangu Desemba ianze alikuwa ameshughulikia kesi mbili: Baba Krismasi wa kujazwa upepo aliyepeperuka mpaka uwanja wa mtu mwingine, na keki iliyotoweka mnadani kanisani. Ya keki alikuwa hajaimaliza, kwa sababu mshukiwa alikuwa bosi wake.

Hawa wawili aliwajua tangu utoto. Gordy, fundi umeme mstaafu, miaka sabini na moja, mikono kama majembe. Marlys Krahn, wa nyumba ya mkabala, aliendesha basi la shule miaka thelathini, na sauti yake ilibaki ile ile ya kuwanyamazisha watoto sitini bila kugeuza shingo.

"Mama Krahn," alisema, "rudi barazani kwako. Nitakufuata. Mzee, tuingie gereji."

"Muulize nywele zangu nimetengeneza wapi!" Marlys alipiga kelele akivuka barabara. "Saluni! Saa tano kasorobo mpaka saa sita! Mashahidi wanne, na wote wambea!"

Ndani ya gereji kulikuwa na joto la hita na harufu ya waya mpya. Nje, kwenye uwanja, vyote vilikuwa mahali pake: mti wa taa wenye urefu wa nyumba, matao manane yaliyopangwa hadi barabarani, na nyuso nne za mbao ambazo kila jioni kwa miaka kumi na tisa zilifumbua midomo na kuimba. Taa elfu kumi na nane. Watu walikaa ndani ya magari yao, wakafungulia redio kwenye 88.3, na taa zikacheza sawa na muziki, mpigo kwa mpigo. Vyote vilikuwepo isipokuwa kitu kimoja kilichoviamuru vyote: kisanduku cha kijivu chenye kompyuta ndogo, kifaa cha kurushia sauti redioni na betri. Gordy alikiita ubongo.

"Mara ya mwisho umeuona lini?"

"Saa tatu asubuhi. Jana ilinyesha mvua ya barafu, fyuzi ikaungua. Nikaung'oa uwanjani, nikauingiza humu, nikabadili fyuzi, nikauacha upate joto. Saa nne nikaenda kumlisha Bernadine. Narudi saa saba, hola."

"Mlango wa gereji?"

"Ulikuwa wazi."

"Wazi."

"Lorraine, hapa ni Bessler. Ukifunga gereji mchana watu wanakuja kuuliza kama umekufa."

Aliandika. "Una nakala ya vilivyomo?"

"Ya taa ninayo. Kuzipanga upya ni wiki moja." Gordy alivua kofia, akaivaa tena. "Ya sauti sina. Wewe umeshawahi kuisikia. Karibuni kwa akina Thielke, zimeni taa za gari..."

"Sauti ya Bernadine."

"Tulirekodi jikoni, mara moja tu. Kompyuta ile ikafa. Imebaki humo na humo tu."

Lorraine hakuhitaji kuelezwa mengine, lakini utaratibu ni utaratibu, akauliza. Bernadine, mke wa Gordy, alipata kiharusi mwezi Februari. Tangu hapo yuko kwenye nyumba ya wazee ya upande wa pili wa mto, na maneno aliyobaki nayo ni mawili: "ndiyo" na "basi".

"Leo saa kumi na mbili jioni basi dogo la pale linamleta," Gordy alisema. "Ni safari ya mwisho ya basi hilo mwaka huu. Binti anayemfundisha kusema anadai akijisikia mwenyewe, huenda kitu kikafunguka. Huenda kisifunguke. Lakini nimemwahidi. Tangu Novemba kila asubuhi namwambia, utajisikia, Bernie. Ananijibu 'ndiyo'."

Ilikuwa saa nane na robo. Lorraine alitoka nje kutafuta nyayo.

Theluji ilikoma saa mbili asubuhi, kwa hiyo njia ya gari ilipaswa kuwa imejaa maandishi kama daftari la mwanafunzi. Badala yake ilikuwa imenyolewa mpaka saruji ikaonekana, kingo zimekatwa wima.

"Nani amekuondolea theluji?"

"Rollie, labda. Au manispaa. Sijui. Tangu Februari kila nikirudi kutoka kwa Bernadine naikuta imeshaondolewa. Niliacha kuuliza."

Lorraine alifuata alama za mashine ya kuondolea theluji. Zilikwenda mpaka mwisho wa njia, zikapinda kushoto, zikavuka barabara, zikaingia moja kwa moja gereji ya Marlys Krahn.

Marlys alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, nywele zimesimama kama zimepigwa pasi.

"Ni wewe unayemwondolea theluji?"

"Punguza sauti!"

"Leo saa ngapi?"

"Saa nne na nusu, alipokwisha kuondoka. Halafu saluni. Na ukimwambia, Lorraine Pawlak, nitamweleza mama yako nani alitapika kwenye basi langu mwaka wa themanini na sita."

"Mama yangu anajua. Uliona mtu, gari, chochote?"

"Sikuona kitu. Ningeona ningeshasema, unanijua." Akashusha mikono. "Kweli sauti ya Bernadine imo humo?"

"Imo humo tu."

Marlys aliingia ndani, akafunga mlango bila neno. Jambo hilo peke yake lilistahili kuandikwa.

Aliyekuja baada ya saa nne na nusu alikanyaga saruji kavu, hakuacha unyayo. Ila karibu na barabara, kwenye tuta la theluji lililosukumwa pembeni, Lorraine alikuta mistari miwili myembamba iliyokata tuta sambamba. Ilikuwa ya magurudumu ya toroli, na lilikuwa limebeba mzigo mzito.

"Nani ana toroli?" alimuuliza Gordy.

Gordy hakufikiri hata kidogo. "Rollie Vandehey. Ana toroli la kila aina. Na ana sababu."

Sababu ilijulikana na mji mzima. Rollie wa Mtaa wa Birch naye alikuwa mtu wa taa. Miaka kumi na moja yeye na Gordy walishindana, wakaazimana nyaya, wakatukanana kwa upendo. Mwaka juzi Gordy alitangulia kuonyesha wimbo ambao Rollie aliupanga toka Agosti. Rollie alisema ni wizi. Gordy alisema wimbo ni wa kila mtu. Hawakuwa wamesemezana tangu hapo, na mwaka huu nyumba ya Rollie haikuwashwa hata taa moja. Watu walisema amenuna.

Rollie alifungua mlango kiasi cha bega, akatoka na fulana tu kwenye baridi ile, akauvuta mlango nyuma yake.

"Mpelelezi."

"Rollie. Naweza kuingia?"

"Ndani kuna fujo."

"Umekuwa wapi leo kati ya saa nne na nusu na saa saba?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mke wangu Janelle yuko kazini." Macho yake yalikwenda kwenye gari la polisi, yakarudi. "Hii inahusu nini? Mtu amesema kitu?"

"Mtu aseme nini?"

"Sijui. Nauliza."

"Ubongo wa Gordy umepotea."

Uso wa Rollie ulilegea, halafu ukakakamaa upya, kama mtu aliyepumua kisha akakumbuka jambo. "Pole yake. Mimi sina haja nao."

"Una kinyongo naye."

"Ninacho. Aliniibia wimbo. Lakini ubongo wake? Ule una nyaya za mwaka arobaini na saba, ningefanyia nini?"

"Niruhusu nitazame gereji yako, nikuondoe kwenye orodha."

"Una hati ya hakimu?"

Lorraine alimwangalia. Huyu ni mtu ambaye mwaka jana alimwita polisi mwenyewe aje ajionee mtumbwi aliouchonga. Sasa anatetemeka kwa baridi mlangoni kwake na kuuliza hati.

"Sina," alisema.

"Basi tusubiri uipate." Mlango ukafungwa.

Aliporudi kwa Gordy ilikuwa saa tisa na nusu na jua limeshaanza kulala. Mwanga wa ubavuni ulimwonyesha kitu ambacho mchana kilijificha: juu ya saruji iliyonyolewa, kando ya mlango wa gereji, mabaki ya theluji yalichora miraba mitano iliyopangana. Marlys alipitisha mashine kuzunguka vitu vitano, na vitu hivyo havikuwepo tena.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Makasha ya chakula," Gordy alisema. "Watu wakija kutazama taa wanaacha makopo. Kila Jumamosi saa tano kanisa linapitia kuchukua."

"Makasha mangapi leo?"

"Matano."

"Wanakuja na toroli?"

Gordy aliitikia kwa kichwa. "Wanaacha na karatasi ya asante. Ipo hapa." Alitoa mfukoni karatasi ya njano aliyoikunja bila kuisoma, kwa kuwa kila Jumamosi husema yale yale.

Lorraine aliikunjua. *Asanteni kwa makasha SITA! Mungu awabariki. Ardith.*

"Gordy. Ule ubongo uliuacha ndani ya nini?"

"Ndani ya kasha lake. Kwenye sakafu pale, karibu na hita. Nikaufunika panya wasije wakatafuna waya."

"Kasha gani?"

Gordy aligeuka polepole kuangalia rafu zake. Kulikuwa na makasha ishirini na mawili ya plastiki, mekundu, yenye mifuniko ya kijani. Kila nyumba ya Bessler ina makasha hayo hayo. Yanauzwa kuanzia Novemba, na ndani yake watu huweka Krismasi nzima: mipira, nyota, nguo za mti. Kanisa nalo lilichagua hayo hayo kukusanyia chakula, maana kila mtu alikuwa nayo ya ziada.

"Yesu wangu," alisema Gordy. "Wameubeba na maharage."

Ukumbi wa kanisa ulinuka kahawa ya kuchemshwa mara tatu. Ardith Sonnleitner, mwenyekiti wa chakula, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, alikuwa peke yake anafagia. Hakukuwa na kasha hata moja.

"Yameondoka," alisema. "Saa sita mchana. Kasha moja kila nyumba, nyumba arobaini na moja. Tunaacha mlango wa nyuma, tunabisha, tunaondoka. Hatuonani nao, hawatuoni. Tumefanya hivyo tangu enzi za mama yangu."

"Hamfungui kuangalia ndani?"

"Ya akina Thielke? Gordy anayafunga mwenyewe kila wiki, yamejaa mpaka juu. Tunayapiga utepe na kuyapeleka. Yalikuwa na uzito sawa yote."

"Nipe orodha ya nyumba."

"Hapana."

"Ardith."

"Lorraine, mwanangu, nakupenda, ulikuwa malaika mzuri kwenye igizo mwaka ule. Lakini orodha hiyo haionwi na mtu. Wapo wanaokaa humu Jumapili benchi moja na wewe. Ukileta hati ya hakimu nitaila hiyo karatasi mbele yako."

Lorraine alifikiri. "Basi wapigie simu wewe mwenyewe. Waambie wafungue."

Hilo Ardith alilikubali. Aliingia ofisini, akafunga mlango, na kwa saa nzima Lorraine alisikia mnong'ono wake kupitia ukuta. Saa kumi na dakika arobaini alitoka, sikio jekundu.

"Ishirini na saba wamefungua. Makopo tu. Kumi na nne hawapokei."

"Kwa nini?"

"Wengine wako kazini. Wengine wakiona namba ya kanisa wanaona aibu." Akaketi. "Na kila mtu alitaka kulifungua kesho jioni, mkesha. Ikifika kesho tutaupata, si ndiyo?"

"Kesho Bernadine hayupo."

Lorraine alimpigia Gordy. "Ubongo ukizimwa namna ile, unalala tu?"

"Haulali. Una betri. Mwaka ule wa barafu umeme ulikatika siku tatu, nikaweka betri ya mashine ya kukatia nyasi. Ikifika saa kumi na moja unaamka wenyewe, uwe na umeme usiwe nao. Hauna taa za kuamuru, lakini..."

"Lakini redio utarusha."

Kisha Gordy akasema polepole, "Utarusha. Sauti yake ndiyo ya kwanza. Inafika nyumba mbili tatu, haizidi."

"Inarudia kila baada ya muda gani?"

"Dakika tano."

"Washa hita, panga waya zako, usitoke hapo." Lorraine alimgeukia Ardith. "Vaa koti. Nyumba kumi na nne. Wewe utaniambia nipite mitaa gani, siyo nyumba gani. Hiyo siyo orodha."

Ardith alifikiria jambo hilo kama hakimu. "Na uso wangu? Mimi nikipita mlango wa mtu aliye kwenye orodha, uso unasema. Mume wangu alikuwa akinishinda karata kila Ijumaa."

"Ufunike."

Hivyo saa kumi na moja kasoro dakika nne gari la polisi lilitambaa mitaa ya nyuma ya Bessler, redio kwenye 88.3, na abiria wake amejizungushia skafu ya sufi usoni mpaka juu ya miwani.

"Kulia," ilisema skafu. "Sasa kushoto. Tuko wapi?"

"Mtaa wa Cedar."

"Nenda taratibu hapa. Siyo kwa sababu yoyote. Taratibu tu."

Redio ilikoroma. Saa ikageuka: kumi na moja kamili. Ikakoroma. Kumi na moja na dakika moja. Mbwa alibweka nyuma ya uzio. Walimaliza Cedar, hakuna kitu.

"Kushoto tena."

"Huo ni Mtaa wa Birch."

"Sijasema neno," ilisema skafu.

Mkoromo ukapasuka. Ulirudi, ukapasuka tena, na ndani yake sauti ya mwanamke ikatoka, ya uchangamfu, ya mtu aliyekuwa karibu acheke:

*"...kwa akina Thielke! Zimeni taa za gari, fungueni redio, na tafadhali msiegeshe mbele ya kwa Marlys, ataniua. Haya, Gordy, washa!"*

Kisha muziki ukaanza. Lorraine alisimamisha gari. Nyumba ya upande wa kushoto ilikuwa na mbwa na taa za televisheni. Alirudi nyuma mita kumi, sauti ikafifia. Akasonga mbele kumi, ikajaa safi kama iko kiti cha nyuma. Nyumba ya kulia ilikuwa giza tupu mbele, dirisha moja tu la jikoni likiwaka. Ilikuwa ya Rollie Vandehey.

"Kaa hapa," Lorraine alimwambia Ardith. "Usiivue skafu."

"Hata kupumua siwezi, lakini siivui."

Alipitia mlango wa nyuma. Rollie alifungua, safari hii mlango wote, na nyuma yake Lorraine aliliona juu ya meza: kasha jekundu, mfuniko wa kijani, utepe haujaguswa. Kando ya meza Janelle alikuwa amesimama na sare ya kazini, macho yamevimba.

"Umeleta hati," Rollie alisema.

"Sina hati. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Mchana ulinificha nini?"

Rollie aliliangalia kasha. "Hilo."

"Umelifungua?"

"La. Lilikuja saa sita. Mchana mzima nilizunguka nalo, nilirudishe au nisirudishe. Halafu ukaja wewe na gari la polisi." Alilisogeza kasha. "Kiwanda cha karatasi kilipofungwa Septemba, nikakosa kazi, Janelle akajaza fomu ya kanisa. Mimi bado nina pikipiki ya theluji gereji. Nilidhani mtu amesema: Vandehey anakula chakula cha masikini na pikipiki anayo."

"Ulidhani polisi wanakamata watu kwa hilo?"

"Sijawahi kupewa chakula, Lorraine. Sijui sheria zake."

Janelle alicheka na kulia kwa pamoja, akampiga mumewe begani.

"Fungua," alisema Lorraine.

Rollie alikata utepe kwa kisu cha mkate. Ndani, juu ya taulo kuukuu, kisanduku cha kijivu kilikonyeza taa ndogo ya kijani, kikicheza wimbo ambao mle jikoni hakuna aliyeusikia.



"Mungu wangu," Rollie alisema. "Kesho ningepika waya."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Lorraine alilifunika kasha. "Sikiliza. Halikuibwa, kwa hiyo sina kesi. Gordy nitamwambia limepatikana, basi. Hana haja ya kujua lilipokuwa."

Rollie alikuwa ameshavaa koti. "Kuunga mti, matao na nyuso kwa dakika arobaini na nane? Yule mzee peke yake, na vidole vile? Atachomeka tao la tatu kwenye pua ya mwimbaji. Janelle, niletee koleo langu la waya."

Waliporudi, Ardith alisogezwa kiti cha nyuma. Janelle akaketi kando yake na hakuuliza kuhusu skafu.

Gordy alikuwa katikati ya uwanja na taa ya kichwani, nyaya mikononi kama mtu aliyeshika mijusi kumi. Aliliona kasha kwanza, halafu aliyelibeba.

"Lilikuwa wapi?"

"Ndani ya kasha," alisema Lorraine.

"Kwangu," alisema Rollie. "Juu ya meza ya jikoni. Kanisa liliniletea. Ndiyo, Gordy, kanisa linaniletea. Sasa umejua."

Gordy alimwangalia Rollie, taa ya kichwani ikimmulika usoni mpaka Rollie akakinga macho kwa mkono.

"Umeleta koleo?" Gordy aliuliza.

"Nimeleta."

"Anza na matao. Na hilo la tatu lina dharau, uligonge kwanza."

Walifanya kazi bila kuongea, kisha wakiongea, kisha wakitukanana. Lorraine alishika tochi. Ikafika wakati akagundua kuwa tochi ni mbili, na ya pili imeshikwa na Marlys, kofia ya manyoya juu ya nywele za saluni.

"Usinitazame," alisema Marlys. "Nashikilia tu, ili mmalize mapema."

"Gordy," Rollie alisema toka chini ya mti, "nani anakuondolea theluji? Kingo zimekaa kama keki."

"Si wewe?"

"Mimi? Miaka miwili sijakanyaga hapa."

Gordy alisimama. Aliangalia alama za mashine, akazifuata kwa taa ya kichwani, polepole, mpaka barabarani, mpaka upande wa pili, mpaka mlango wa gereji ya mkabala. Halafu mwanga ukarudi, ukamtua Marlys.

"Sema neno moja," alisema Marlys, "na kesho naimwaga yote tena mlangoni kwako."

Gordy aliinama kuchomeka waya, na ilimchukua muda kuliona tundu.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu basi dogo jeupe lilipinda kona. Lilisimama upande wa pili wa barabara, likazima taa. Dereva alifungua mlango na kuongeza sauti ya redio. Kwenye kiti cha mbele, blanketi mpaka kidevuni, alikuwa Bernadine.

Gordy alibonyeza.

*"Karibuni kwa akina Thielke! Zimeni taa za gari, fungueni redio, na tafadhali msiegeshe mbele ya kwa Marlys, ataniua. Haya, Gordy, washa!"*

Taa elfu kumi na nane zikaruka pamoja. Hata tao la tatu.

Lorraine hakuziangalia. Alimwangalia Bernadine, ambaye aligeuza kichwa kidogo kidogo kuelekea redio, akasikiliza mpaka mwisho. Mdomo wake ulijikunja upande mmoja. Mkono ule usiopooza ukatoka chini ya blanketi. Alikuwa amegundua kuwa dereva ameegesha mbele ya kwa Marlys, na alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, akinyoosha kidole kwenye nyumba ya mkabala.

"Ma," alisema. "Ma... Marlys."

Gordy alishikilia mlango wa basi. Marlys alijifuta uso kwa kofia yake ya gharama.

"Sasa nimetajwa hadharani mara mbili," alisema. "Nitashtaki."

Nyimbo ziliisha, zikarudiwa, zikaisha tena. Dereva alisubiri nusu saa zaidi ya ruhusa yake na hakuna aliyemkumbusha. Lorraine aliandika kwenye daftari: *Hakuna kosa. Kasha limerudi.* Ardith alikuwa ameshanong'ona na Janelle juu ya kasha lingine, la halali, litakalofika kesho asubuhi mlango wa nyuma. Kisha mlango wa Marlys ukafunguka, na harufu ya nyama, pilipili na makaroni ikavuka barabara.

"Nina sufuria ya kulisha basi zima la shule!" Marlys alitangaza. "Gordy, mshushe mkeo na kiti chake cha magurudumu, ngazi nimeshaziwekea mbao. Dereva, na wewe. Ardith, vua hiyo kitu, unatisha wazee. Lorraine, funga hilo daftari."

Waliingia mmoja mmoja wakigonga theluji kwenye viatu. Rollie alibaki nyuma, kwenye ngazi ya chini, koleo mkononi, Janelle kando yake.

"Sisi tunakwenda, Marlys," alisema. "Tumeshakula."

Marlys alimwangalia toka juu, mwiko mkononi.

"Rollie Vandehey, sijakuuliza una njaa au huna. Nimesema ingieni, mlango unaingiza baridi."

Rollie alimtazama Janelle. Kisha akafuta viatu, taratibu, cha kulia, cha kushoto, wakaingia.